Kanzu Ndogo ya Kila Mwaka

Masomo: 1 Samweli 1:19–28; 2:18–21; 7:12. Hosea 11:1–4.

Namshukuru Mungu kwa ajili ya Mchungaji na Mama Mchungaji kwa kunipa nafasi hii, na namshukuru kwa ajili ya mume wangu, ambaye saa hii ndiye ameshika mtoto pale mstari wa tatu. Mkimwona akitoka nje mara kwa mara msifikiri hapendi mahubiri ya mke wake. Ni nepi.

Nimeambiwa niongee na wamama wenye watoto wadogo. Wababa, msilale. Mtaona jina lenu likitajwa hapo mbele.

Hadithi ya Hana tunaijua wote. Tumeihubiri sana. Hana alikuwa tasa, alilia, aliomba mpaka Eli akadhani amelewa, na Mungu akamkumbuka. Tunafika mstari wa 20, mtoto amezaliwa, tunapiga vigelegele, tunafunga Biblia, tunaenda kunywa chai. Mimi leo nataka tuanzie pale tunapofungia. Kwa sababu wale mmezaa mnajua: siku ya kuzaa ni siku moja. Baada ya hapo kuna siku zingine.

Soma mstari wa 21 mpaka wa 23. Elkana na nyumba yake wanajitayarisha kupanda Shilo kutoa sadaka ya mwaka. Hiyo ndiyo ilikuwa kesha yao, ndiyo ilikuwa mkutano wao mkubwa. Na Hana, mwanamke ambaye Mungu alimjibu pale pale Shilo, mwanamke ambaye wewe na mimi tungetarajia awe wa kwanza kufika madhabahuni na ushuhuda wake, akamwambia mume wake: mimi siendi. Mtoto bado ananyonya. Nitakwenda nikishamwachisha.

Elkana angeweza kusema mengi hapo. Angesema, “Na ile nadhiri?” Angesema, “Watu watasema nini wakiniona na Penina peke yake?” Lakini alimwambia mke wake afanye anavyoona ni vyema, na Bwana alithibitishe neno lake. Wababa, hiyo ndiyo sehemu yenu. Muiandike.

Na Biblia haisemi popote ati Eli aliuliza, “Yule mama wa nadhiri amepotelea wapi, amerudi nyuma?” Walimu wengi wa Biblia wanakadiria kwamba zamani zile mtoto aliachishwa akiwa na miaka kama 2 au 3. Kwa hivyo Hana alikosa mkutano mkubwa pengine mara mbili, pengine tatu. Na hata leo wahudumu wa afya wanatuambia mtoto anyonye maziwa ya mama pekee kwa miezi 6 ya kwanza, halafu aendelee kunyonya pamoja na chakula kingine mpaka miaka 2 au zaidi. Hiyo ni kazi ndefu. Hana aliifanya yote, na Mungu hakumwandikia kwamba hakuhudhuria.

Naongea na dada fulani hapa ambaye tangu ajifungue hajaingia kesha hata moja. Ukifungua Biblia unasoma mistari mitatu, mtoto anatapika. Ukifunga macho kuomba, usingizi unakubeba kabla ya kufika kwa amina. Na kuna sauti inakuambia umepoa, moto wako umezima. Dada, saa tisa usiku wewe uko wapi? Uko macho! Wale wa kesha wako macho wanaomba, na wewe uko macho unanyonyesha. Watu waliopita kwa mlango wa Hana usiku walimwona mama na mtoto mwenye njaa. Hakuna aliyeona nabii. Lakini ndiye alikuwa analishwa.

Mimi nilipokuwa na kifungua mimba wangu nilijifunza maombi ya kunyonyesha. Akiwa upande wa kulia naombea nyumba yangu. Nikimgeuza upande wa pili naombea kanisa. Kwa hivyo kama mmebarikiwa miaka hii sita iliyopita, mjue kuna usiku mwingi mlikuwa upande wa kushoto. (Kicheko.)

Miezi mitatu ya Yokebedi

Sasa kuna mama anasema moyoni, “Hana alikuwa na bahati, alikaa nyumbani. Mimi basi la kampuni linapita Karagita saa kumi na moja alfajiri.” Nakujua. Mimi pia nalipanda. Na mnajua vile mwezi wa kwanza kuelekea Valentine huko shambani hakuna mtu anauliza kama una mtoto.

Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mama likizo ya uzazi ya miezi 3 na mshahara wake kamili. Miezi mitatu. Haya, fungua Kutoka mlango wa 2. Mama yake Musa alimficha mtoto kwa muda gani? Miezi mitatu! Mpendwa, shida ya miezi mitatu haikuanzia Naivasha. Alipofika hapo hangeweza kuendelea kumficha. Mtoto wa miezi mitatu anaanza kupata sauti. Anaanza kucheka. Sasa ndio umemjua na yeye amekujua, na ndio unatakiwa umwache. Ukihesabu, chanjo ya wiki 14 inakupata ukiwa umerudi kazini kama juma moja hivi, na unaogopa hata kuomba ruhusa.

Lakini angalia vile alifanya. Alitafuta kikapu cha matete, akakipaka lami mpaka kisiingize maji. Hakumtupa katikati ya mto, alimweka kando, penye majani. Na akaweka dada ya mtoto asimame mbali aangalie. Huyo ni mama anayechagua mahali pa kuacha mtoto. Kwa hivyo wewe unayetafuta mama wa kukutunzia, ingia kwa hiyo nyumba kwanza. Watoto ni wangapi kwa hicho chumba? Maji ya kunywa yamechemshwa? Jiko liko wapi? Wanalala juu ya nini? Mwenyewe ana roho gani akiamshwa usingizini? Usiogope ataonaje. Kuna watu wataona ni kama huna imani. Yokebedi alikuwa na imani, Waebrania 11:23 inawataja wazazi wa Musa kwa imani yao, na alipaka lami kwanza.

Nikiwa hapo hapo. Sheria ya Afya ya 2017 inamtaka mwajiri atenge mahali ambapo mama anaweza kunyonyesha au kukamua maziwa. Wazee wetu ambao ni wasimamizi kule mashambani, na mko kanisani humu, nawaheshimu sana. Nawaomba tu muisome hiyo sheria. Kuna mama hapa ambaye Jumatatu saa nne atakuwa chooni anakamua maziwa na kuyamwaga, halafu saa tisa akiwa nyumbani mtoto hana.

Na mjue Mungu ana ucheshi wake. Binti Farao, mtoto wa yule yule aliyetaka watoto wafe, akamlipa Yokebedi mshahara amnyonyeshe mtoto wake mwenyewe. Mwambie jirani, “Mungu analipa.” Sawa, turudi kwa Hana.

Sweta ya kukulia

Mlango wa pili, mstari wa 18 na wa 19. Samweli sasa yuko Shilo, kijana mdogo, anahudumu mbele za Bwana. Na hapo kuna maneno ambayo nimeyasoma miaka mingi bila kusimama. Kila mwaka mama yake alimshonea kanzu ndogo, akamletea alipopanda na mume wake kutoa sadaka.

Niambie, alijuaje kipimo?

Januari hii mtoto wangu mkubwa aliingia Gredi ya Kwanza. Nikamnunulia sweta ya kukulia. Mnazijua? Mikono imekunjwa mara mbili, chini inakaribia magoti, mtoto anaonekana kama amevaa blanketi. Mwalimu aliniuliza kama ni yake au ya baba. Lakini mimi nilikuwa naye pale dukani, nilimgeuza, nilimpima mabega. Hana hakuwa na mtoto wa kugeuza. Yuko Rama, mtoto yuko Shilo. Anafunga macho, anajaribu kukumbuka bega lilifika wapi mwaka jana alipomkumbatia. Anaongeza vidole vinne. Anafikiri, anaongeza viwili tena. Na mstari wa 21 unasema Mungu alimpa watoto wengine, wana watatu na binti wawili. Kwa hivyo kuna mwaka alishona na mimba. Kuna mwaka alishona huku mmoja anavuta uzi na mwingine analia mgongoni. Biblia haikuandika hayo, lakini wamama mnayasoma.

Na mfikirie alikuwa anaipeleka wapi. Shilo palikuwa na Hofni na Finehasi, wana wa Eli, wakiiba nyama ya sadaka kwa uma wa meno matatu na kulala na wanawake waliohudumu mlangoni. Nyumba ya Mungu, na mambo kama hayo ndani. Huko ndiko mtoto wa Hana alikuwa analelewa. Hana hangeweza kumlinda kila siku. Hakuwa na simu ya kupiga jioni. Alikuwa na kanzu. Na nadhani Samweli akiivaa asubuhi, akiona vile mshono umekaa, alijua kuna mtu mahali ambaye amekaa mwaka mzima akimfikiria yeye, na kwamba yeye si wa kundi la akina Hofni.

Wale wanaojua Kiebrania wanatufundisha kwamba neno la ile kanzu ndogo ndilo hilo hilo la vazi la Samweli akiwa mzee, lile lililoraruka mbele ya Sauli, 1 Samweli 15:27. Na ndilo tena kwa 28:14. (Mambo ya Endori siyaingilii leo, hiyo nawaachia walimu wa Ijumaa.) Mtu mzima, nabii wa taifa zima, anayemtia mafuta mfalme, na bado anavaa vazi la namna ile mama yake alianza kumshonea.

Kwa hivyo nikiulizwa huduma yangu ni gani msimu huu, mimi ninasema ninashona kanzu. Uji wa wimbi saa kumi usiku ndio uwe tayari kwa chupa. Kukata kucha mtoto akiwa amelala kwa sababu akiwa macho ni vita. Kumfundisha mkubwa kuomba kwa maneno yake mwenyewe. Juzi aliombea mbwa wa jirani apate meno mapya, kwa sababu yeye mwenyewe ameng'oka la mbele. Hilo jino tumelifunga kwa karatasi, tumeliweka. Mambo ya kurushia panya juu ya paa tumewaachia majirani.

Penina, na mtoto wangu wa pili

Nimemruka Penina. Sikumsahau. Mlango wa 1 mstari wa 6 na wa 7 unasema alimchokoza Hana mwaka baada ya mwaka. Na angalieni alikuwa anamchokoza wakati gani: wakiwa kwa nyumba ya Bwana, wakati Elkana anagawa nyama. Fungu la Penina, fungu la kila mtoto wake. Pengine hata hakuhitaji kufungua mdomo. Alihitaji tu watoto wake wapange mstari.

Siku hizi mstari huo uko kwa simu. Unafungua WhatsApp saa mbili usiku ukiwa umechoka, unaona mtoto wa fulani ametembea na miezi tisa. Wa fulani mwingine anahesabu mpaka ishirini. Picha, keki, mishumaa. Na si vibaya, mtu afurahie mtoto wake. Ila wewe uliyeshika simu unajua kilicho kwenye sakafu yako.

Sasa niwaambie kilicho kwenye sakafu yangu. Mtoto wangu wa pili, yule ameshikwa na baba yake, ana miaka 2 na mwezi mmoja. Hatembei peke yake.

Wengi wenu mmekuwa mkimwona kwa leso mgongoni mkidhani ananipenda sana. Ananipenda, lakini hiyo siyo sababu. Alicheka kwa wakati wake. Kukaa kulichelewa, alikaa akiwa na miezi 11. Kutambaa kulichelewa. Tulipompeleka chanjo ya surua ya miezi 18, muuguzi alimweka chini, akamwangalia, akaniambia kwa upole kwamba watoto wengi wakifika umri huo wanakuwa wameshaanza kutembea. Akaniandikia barua ya kwenda hospitali kubwa. Daktari akasema misuli yake ni legevu, tukaanza fizio. Kila Alhamisi, na nyumbani asubuhi na jioni.

Watu wa ploti wana dawa zao. Kuna aliyesema tumchimbie shimo tumsimamishe ndani mpaka kiunoni. Kuna aliyeuliza kwa upande wa baba kuna nani alikuwa hivyo. Hayo niliyapita. Neno lililoniingia lilitoka kwa mpendwa, si wa hapa kwetu, mtu wa maombi. Aliniambia kila Alhamisi nikipanda matatu kwenda fizio ninamwambia Mungu kwamba hawezi. Ati niache, nisimame kwa imani, na mtoto atasimama.

Nilikaa na hilo neno wiki nzima. Nilifanya mazoezi na mtoto huku nikisikia kama ninatenda dhambi. Mnaelewa uzito wa hiyo? Mama anamwinua mtoto wake na moyo unamshtaki. Nikamwambia Mungu, kama hiki ninachofanya ni kukudharau, nionyeshe. Na alinionyesha kwa Hosea 11.

Kusanyeni macho hapo mstari wa 3. Mungu anaongea kama mzazi. Anawakumbuka Israeli wakiwa wadogo. Na anasema ni yeye aliyemfundisha Efraimu kutembea. Anawashika mikono yao. Kanisa! Mungu anafanya fizio!

Hebu mwangalie mtu anayefundisha mtoto kutembea. Lazima ainame, na mgongo unauma. Lazima arudi kinyumenyume ili mtoto aje mbele. Hawezi kukimbia, anafuata mwendo wa mtoto. Mwenye kuumba mbingu, anayeweza kusema neno moja likawa, alipotaka kueleza vile alivyolipenda taifa lake alijionyesha ameinama hivyo, ameshika vidole. Angeweza kumrusha Efraimu juu akatua akikimbia. Alimfundisha. Hatua, anaanguka, hatua. Na mstari wa 4 tena anainama, analisha. Mahali hapo hapo anasema hawakujua kwamba ni yeye anayewaponya. Walikuwa wanaponywa na hawajui, kwa sababu ilifanana na mazoezi.

Tangu siku hiyo Alhamisi ni ibada kwangu. Namheshimu yule mtu wa fizio kama ninavyomheshimu mhubiri. Ninaombea miguu ya mtoto wangu kwa lugha na ninaihesabia mazoezi kwa Kiswahili. Mungu akitaka kumwinua usiku mmoja, asubuhi mtatusikia kutoka hapa mpaka ziwani. Akitaka kumfundisha kwa kushika mikono, mikono ndiyo hii.

Na wewe ambaye mtoto wako hajacheka na ana miezi mitatu, au hajakaa na amepita tisa, au hajatembea na amepita kumi na nane, usingoje mpaka watu waone. Shika kijitabu cha kliniki, nenda. Hicho kijitabu cha Afya ya Mama na Mtoto tunakitumia kuwekea cheti cha kuzaliwa na risiti. Kifungue, ndani kuna ukurasa wa makuzi. Mapema ni bora. Nenda ukiomba, rudi ukiomba.

Halafu neno moja zito. Kuna mtu hapa ana mtoto amemfungia kwa nyumba. Kwa sababu ya miguu, kwa sababu ya kichwa, kwa sababu haongei. Hamleti kanisani kwa sababu anajua tutageuka kuangalia. Yokebedi alificha mtoto kwa sababu ya Farao. Wapendwa, kanisa lisiwe Farao. Mefiboshethi alilemaa miguu yote miwili, na Daudi alimweka kwa meza ya mfalme, si kwa chumba cha nyuma. Mlete. Mimi nitakaa karibu na wewe.

Mpaka hapa

Najua vile tunafanya ushuhuda. Tunangoja uishe. Kazi ikipatikana, ndipo unasimama. Mtoto akitembea, ndipo unamleta mbele, anatembea kutoka hapa mpaka pale, tunapiga makofi. Na mimi Mchungaji aliponiita nilimwambia ushuhuda wangu haujaiva. Lakini nilipokuwa nasoma nikaenda mbele kidogo mpaka 1 Samweli 7:12. Huyu Samweli wa kanzu ndogo sasa ni mtu mzima, amesimama kati ya Mispa na Sheni, anasimamisha jiwe. Analiita Ebenezeri. Na maana yake ni kwamba Bwana amewasaidia mpaka hapo. Basi. Mpaka hapo. Wafilisti hawakuisha siku hiyo. Endelea kusoma utawakuta wakati wa Sauli, utamkuta Goliathi. Samweli alijenga jiwe vita vikiwa bado vinaendelea.

Basi nami ninasimamisha jiwe. Wiki mbili zilizopita, jioni, stima zilikuwa zimepotea. Mtoto alikuwa ameshika ile stuli yetu ya plastiki ya kuogea, akasimama dede kama kawaida. Halafu akaisukuma. Akaisukuma kutoka kwa kitanda mpaka kwa mlango na miguu ikaifuata. Hakuna aliyepiga picha, simu ilikuwa inatumika kama tochi. Mkubwa ndiye alihesabu. Akaniambia, “Mama, ni tisa. Na moja ndogo.”

(Hapa kanisa lilisimama.)

Asanteni. Kaeni. Nimeiandika kwa daftari: tisa na moja ndogo. Nina daftari ya mazoezi, ya kawaida kabisa, nimeigawa mara mbili, mbele mkubwa, nyuma mdogo. Naandika tarehe na mstari mmoja. Siku kitovu kilikatika. Jino la kwanza. Siku aliita “baba” kwanza na mimi ndiye nilikuwa nimekesha naye, hiyo niliiandika kwa hasira kidogo. Siku ya kuwekwa wakfu hapa mbele, alivyomvuta Mchungaji tai. Yoshua 4, Mungu aliwaambia watoe mawe 12 mtoni Yordani wayaweke Gilgali, ili watoto wakiuliza mawe haya ni ya nini, kuwe na jibu. Mungu anajua tunasahau. Na mama wa watoto wadogo anasahau zaidi, kwa sababu halali. Andika. Mariamu aliyaweka moyoni, lakini moyo wa Mariamu haukuwa na ovataimu.

Kuna mama hapa ambaye daftari yake iliishia ukurasa wa kwanza. Sikukusahau. Sina maneno ya kukuelezea na wale waliokuambia Mungu alihitaji malaika hawakutumwa na Mungu. Daudi alipompoteza mtoto wake alisema yeye ndiye atakayemwendea mtoto. Mtoto wako alikuwa na jina. Ukitaka tulitaje, njoo, tutalitaja pamoja na wewe.

Sasa wazee wa kanisa, ombi langu kabla nishuke. Tunawaambia wamama watoke na watoto wakilia, wanaenda kukaa kule nyuma kwa tanki ya maji, jua linawachoma, spika haifiki. Mtoto akilia si pepo. Naomba tandiko pale mbele kushoto, na pazia kidogo kwa anayenyonyesha. Na wababa, mara moja kwa mwezi mshike watoto ibada yote, mama asikie Neno na masikio yote mawili. Mume wangu anatikisa kichwa pale, sijui anakubali au amechoka.

Tusimame, tuombe.

Baba, katika jina la Yesu. Tunawaleta mbele zako wamama hawa. Huyu ambaye hajalala tangu Alhamisi. Huyu ambaye kesho basi litampitia na maziwa yamejaa kifuani. Yule anayelea peke yake, na yule anayelea na mtu na bado ni kama yuko peke yake. Wape maziwa, wape unga, wape usingizi hata wa saa nne mfululizo. Shika mikono ya watoto ambao wamechelewa, uiname nao, hatujali utachukua muda gani. Wanaosubiri mimba kama Hana, uwakumbuke. Walinde watoto tunaowaacha asubuhi kwa nyumba za watu. Na mikono ya wanaofanya kazi kliniki na fizio, uibariki. Katika jina la Yesu, amina.

Tangazo dogo: wamama wenye watoto wa chanjo wiki hii, tunakutana Jumanne kwa lango la kanisa saa moja na nusu asubuhi, tutembee pamoja. Mje na vijitabu. Na mwenye mwavuli wa ziada aje nao.